Mgombea Asiye na Lango

Sehemu ya kumi na moja

Msomaji, kipaza sauti bado kiko mkononi mwa Zadock Maranga, na jibu bado halijamtoka.

Tuko kwenye matanga ya mwalimu mmoja hapa Uriri. Watu wapata elfu mbili wamebanana chini ya mahema. Mheshimiwa Omanga, aliyekalia kiti cha mwakilishi wa wadi kwa miaka kumi, ndiye aliyeuliza swali, na sasa ameketi, mguu juu ya mguu, anafuta jasho la shingo kwa leso nyeupe.

Swali lenyewe lilikuwa hili: "Ndugu Zadock, unataka wadi. Wadi ni malango ya watu. Wewe lango lako liko wapi?"

Watu walicheka mpaka maiti akakosa heshima yake.

Walicheka kwa sababu ni kweli. Zadock ana miaka hamsini na sita. Ana mke, ana watoto watano, ana shahada ya uongozi aliyoianza kwenye madarasa ya ngumbaru usiku, akitoka kazini amechoka kama punda. Lakini nyumba yake imesimama ndani ya boma la baba yake, Mzee Maranga. Na kwa sheria ya Wajaluo, mwanamume anayelala ndani ya lango la baba yake bado ni mtoto, hata awe na mvi za kujaza kapu. Hana dala, yaani boma lake mwenyewe. Wazee hawawezi kuwa wageni wake.

Na wazee ndio wanaokuja. Jumamosi hii watazunguka kwa kila anayetaka kiti, wanywe uji ndani ya lango lake, kisha watoe jina moja tu lipelekwe chamani. Atakayepata tiketi ya chama katika wadi yetu amekwisha kushinda. Siku ya kura yenyewe ni kwenda kupanga foleni tu.

"Jumamosi!" Zadock akanguruma hatimaye, hata kipaza sauti kikapiga mluzi. "Jumamosi wazee watakunywa uji kwangu! Ndani ya lango langu mimi! Na wewe Omanga utasimama barabarani uhesabu vikombe!"

Hema zikalipuka. Vigelegele, filimbi, vijana juu ya pikipiki wakipiga honi. Omanga akaacha kufuta shingo.

Ndipo sauti ikatoka nyuma kabisa, karibu na sufuria za wapishi.

"Utapita juu ya kichwa cha nani?"

Watu wakageuka. Aliyesimama pale alikuwa Levis, kaka yake Zadock wa tumbo moja, miaka sitini na moja, mrefu, amevaa buti zenye udongo wa migodi ya Macalder ambako amechimba dhahabu nusu ya maisha yake na hakupata hata ya kujaza jino.

"Mimi ndiye mkubwa," Levis akasema. "Sijatoka kwa baba. Wewe mdogo utatokaje? Unaniruka? Haya, niruke. Niruke hapa mbele ya watu, omera, ndugu yangu, tuone kama utaumaliza mwaka."

Vijana wa pikipiki wakaacha honi. Msomaji wa mbali nimweleze kidogo: mdogo akijenga dala kabla ya mkubwa wake, amemruka. Na aliyemruka mkubwa hufuatwa na chira, ile laana inayokausha watu mwilini, yeye na watoto wake. Wapo wanaoomba kanisani Jumapili kwa ngoma na machozi, lakini jambo hilo hawathubutu.

Zadock alishuka jukwaani bila kuaga mtu. Nyuma yake alimsikia Omanga akicheka, kicheko cha tumbo, cha mtu aliyepata chakula bila kulima.

*

Alimkuta Levis nyuma ya mahema, ananawa mikono.

"Amekupa nini?"

"Nani?"

"Usinifanye mjinga! Omanga! Amekupa nini uje kunivua nguo mbele ya watu?"

Levis akakung'uta maji ya vidole polepole. "Hakuna aliyeninunua, Zadock. Hasira yangu hii ni ya bure. Haina bei, ndiyo maana hata wewe huwezi kuinunua."

"Hasira ya nini? Nimekukosea nini mimi? Nani alikulipia hospitali ulipofukiwa na shimo? Nani?"

"Wewe. Na kila mwaka unanikumbusha."

Zadock akamshika kola. Wapishi wawili wakainua miiko yao, tayari kuamua.

"Basi toka!" Zadock alisema kwa meno. "Toka kwa baba ujenge dala yako, nami nijenge yangu! Mabati nitakununulia mimi. Misumari mimi. Fundi mimi. Kesho! Unataka nini kingine?"

"Na mke utaninunulia?"

Mkono wa Zadock ukalegea kwenye kola.

Maana mwanamume hawezi kufungua dala peke yake. Siku ile ya kutoka, baba hutangulia, mwenye dala hubeba jogoo, mwanawe wa kwanza hubeba shoka, na mke hubeba moto. Bila mke hakuna moto, na bila moto huo ni uwanja tu wenye miti miwili. Mke wa Levis, Phelesia, aliondoka miaka kumi na sita iliyopita akarudi kwao Ndhiwa. Ng'ombe wa mahari hawakurudishwa. Kwa hiyo bado ni mke wa boma la Maranga, ila halali humo.

"Nitamleta," Zadock akasema.

Levis alimtazama kama anayemtazama mtu aliyesema ataenda kunywa ziwa lote.

"Wewe?" akasema. "Kati ya watu wote duniani, wewe?"

Akaokota kofia yake akaenda zake.

Zadock alijua vizuri kaka yake alimaanisha nini. Lakini mtu mwenye njaa ya kiti husahau upesi, na Zadock ameshindwa mara mbili tayari. Mara ya kwanza aliibiwa kura. Mara ya pili aliibiwa tiketi. Mara hii aliapa hataibiwa kitu.

*

"Nenda," mkewe, Emmaculate, alimwambia asubuhi ya Jumatano akimpa chai. "Lakini ukifika, anza na msamaha. Usianze na uchaguzi."

"Msamaha wa nini?"

Emmaculate akaweka birika chini kwa nguvu. "Baba Adhiambo, mimi nilikuwa nyumba hii hii. Mimi ndiye niliyemfunga ule mkono kwa leso yangu. Usiniulize msamaha wa nini."

"Wanawake mnahesabu mambo ya kale kama vile mnayapandia mbegu."

"Na wanaume mnayafukia bila kuyaua kwanza."

Alitoka nje bila kumaliza chai. Bravin alikuwa anamngoja na pikipiki. Huyu Bravin ndiye mtoto wa kwanza wa Levis na Phelesia, kijana wa miaka ishirini na tano, mwendesha boda anayejulikana kutoka Uriri hadi Ndhiwa.

"Baba mdogo," Bravin alisema kabla ya kuwasha, "Mama anajua unakuja."

"Nani alimwambia?"

"Video ya matanga imefika Homa Bay yote. Hata padri ameiona."

Akawasha, wakaondoka.

*

Phelesia alikuwa sokoni Ndhiwa nyuma ya vilima vitatu vya omena, wale dagaa wa ziwani, anapima kwa kopo la gorogoro. Alikuwa amenenepa kidogo, amevaa aproni ya buluu, na wateja walimpigia foleni. Alimwona Zadock akishuka kwenye pikipiki. Hakusimama.

"Karibu, Mheshimiwa mtarajiwa. Gorogoro ngapi?"

Zadock akatoa sauti yake ya jukwaani, ile nzito. "Shemeji, nyumba inakuita."

"Nyumba siku hizi ina mdomo? Miaka kumi na sita ilikuwa bubu."

"Nimekuja kwa amani."

"Umekuja kwa Jumamosi." Akamfungia mteja omena wake, akamrudishia chenji. "Unataka miguu yangu, Zadock. Nitembee na moto nyuma ya jogoo wa kaka yako, ndio wewe upate pa kupitia. Si ndiyo?"

"Shemeji, haya si maneno ya sokoni..."

"Ni ya wapi? Ya kituo cha polisi?"

Aliinua mkono wake wa kushoto. Kuanzia kiwikoni ulikuwa umepinda kwa nje, kama mti uliokulia kando ya mwamba.

"Unaukumbuka?"

"Ilikuwa bahati mbaya," Zadock alisema chini chini.

"Ilikuwa mpini wa sururu!"

Mwanamke wa mbele, mwenye mtoto mgongoni, akasogea karibu ili asikose neno.

Mambo yalikuwa hivi, msomaji, na leo Zadock hana pa kujificha. Levis alirudi kutoka Macalder amelewa, akamvunja mkewe mkono. Phelesia akaenda kituoni kushtaki. Levis akashikwa. Ukoo ukakutana haraka, maana mwaka huo Zadock alikuwa anasimama kwa mara ya kwanza, na mgombea ambaye kaka yake yuko seli kwa kuvunja mke ni mgombea aliyekwisha. Katika ukoo mzima aliyekuwa na mwandiko mzuri ni mmoja. Akapewa kalamu.

"Barua yako bado naijua kwa kichwa," Phelesia alisema, na sauti yake ilikuwa imetulia mno. "'Mimi Zadock Maranga, katibu wa ukoo, nathibitisha kwamba shemeji yangu aliteleza mtoni akichota maji, akaangukia jiwe.' Yule askari alinisomea mara mbili. Alikuwa anausifu mwandiko! Aliniambia, 'Mama, barua ya msomi kama huyu nitaikataaje? Nenda nyumbani, na siku nyingine uangalie unapokanyaga.'"

"Huyu ndiye mwandishi?" aliuliza mwanamke mwenye mtoto.

"Ndiye."

"Mbona mfupi hivi?"

Soko likaangua kicheko. Zadock alihisi masikio yanawaka. Hakuona aibu, laiti angeiona aibu! Aliona hasira tu: kwamba yeye, mtu wa shahada, amekuja kuchekwa na wauza samaki wa wilaya ya watu.

"Unataka nini, Phelesia?" alifoka. "Sema bei yako!"

"Sina bei. Nina neno moja." Alijifuta mikono kwenye aproni. "Nitakuja. Nitabeba moto. Kesho, Alhamisi. Lakini wale wazee wa Jumamosi wawepo kesho. Waone mimi naingia kwa lango."

Zadock akasubiri. "Hilo tu?"

"Hilo tu."

Karibu acheke. Wazee wawepo? Hilo yeye mwenyewe alilitaka! Waje waone kwa macho yao kwamba hakumruka mtu, kwamba alimtanguliza mkubwa wake kwa heshima zote, kwamba ndiye aliyemrudisha mke wa boma. Omanga atasema nini tena? Alitoa simu papo hapo akampigia mwenyekiti wa wazee, na mwenyekiti akakubali.

Akampa Phelesia mkono. Phelesia akampa wa kushoto, ule uliopinda, ikambidi Zadock aushike.

Alicheka njia nzima kurudi Uriri. Bravin, mbele yake, hakucheka.

*

Alhamisi kulipambazuka, na Levis hayupo.

Mzee Maranga, miaka themanini na sita, alikuwa amekwisha simama na fimbo yake. Jogoo yuko chini ya tenga. Shoka liko begani mwa Bravin. Phelesia amefika na gari la kwanza, ameketi jikoni kwa Emmaculate. Kitanda cha Levis kimetandikwa, buti zake zimeondoka.

"Amenitoroka!" Zadock alipiga kelele. "Amechukuliwa! Omanga amempakia amempeleka Macalder! Nilijua! Nilijua!"

Alizunguka boma, akachungulia zizini, akapiga teke ndoo ya watu. Mwishowe alimkuta nyuma ya ghala. Levis alikuwa amesimama mbele ya kipande cha kioo kilichochomekwa kwenye mti, ananyoa ndevu. Kidevu kilikuwa kinavuja damu mahali patatu.

"Umelewa?"

"Nina miaka mitatu sijagusa. Hukuona?" Levis alisema bila kugeuka. "Yuko ndani?"

"Yuko."

"Amesema nini?"

"Hajasema kitu. Twende, jua linatoka!"

Levis alijipangusa damu kwa mkono wa shati. "Ulimwambia nini mpaka akakubali? Uliomba msamaha?"

"Nilimwambia mambo ya nyumba. Twende!"

Levis akageuka. "Hukuomba," akasema, akatangulia.

Basi wakatoka. Mzee mbele, fimbo ikipekua umande. Levis na jogoo. Bravin na shoka. Phelesia nyuma yao, na kaa la moto kwenye gae la chungu, amelishika kwa mkono ule ule uliopinda ili wa kuume uwe huru kulifunika. Levis hakuthubutu kugeuka nyuma hata mara moja. Phelesia hakumtazama mgongo.

Walipofika kiwanjani, mzee alichimbua ardhi kwa fimbo, akasema maneno yake. Shoka likapiga mti wa kwanza. Vijana wa ukoo wakaingia kazini wakiimba. Phelesia alipanga mafiga matatu, akawasha, akakoka. Hadi saa nne, miti miwili ya lango ilikuwa imesimama, na kuta za kibanda zilikuwa zimefika kifuani. Sheria ni nyepesi kusema na ngumu kuvunja: kibanda kimalizike leo, moto usizimike, na usiku huu mume na mke walale ndani. Hapo ndipo Levis atakuwa na dala, na kesho Zadock atoke.

Saa nne na nusu wazee walifika. Watano, na kofia zao. Mlango wa mbele wa gari ukafunguka, akashuka na mwingine.

Omanga.

"Wewe umeitwa na nani?" Zadock alimvamia.

"Wazee walikosa usafiri, nikawasaidia." Omanga alitabasamu. "Au wazee watembee kwa miguu, Zadock? Ndiyo sera yako hiyo?"

Wazee wakakohoa kicheko. Zadock akameza hasira yake kama mfupa.

Mwenyekiti wa wazee, mtu wa maneno machache, alipitia nje ya lango, akatazama miti, akatazama kibanda, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Zadock," alisema, "umefanya vizuri. Mdogo anayemtanguliza mkubwa ana adabu ya kutosha kutangulizwa na watu."

Maneno hayo, msomaji! Zadock aliyasikia yakishuka mwilini kama maziwa ya moto. Alimtazama Omanga. Omanga alikuwa anatazama viatu vyake.

"Mama Bravin," mwenyekiti akaita, "wewe umeingia?"

Phelesia akainuka motoni. Alikuja mpaka kati ya miti miwili ya lango, akasimama papo hapo, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Bado, jaduong', mzee wangu. Nimebeba moto, nimeuwasha. Lakini kabla sijalala humu nina neno. Naomba waliopo waseme mkono wangu ulivunjwaje."

Nyimbo za vijana zikakatika moja moja.

"Mwenyekiti!" Zadock aliruka. "Hayo ni mambo ya ndani ya ukoo! Leo ni siku ya baraka, tusiichafue na..."

"Mwache mama aseme," Omanga alidakia kwa sauti tamu. "Si unataka kura za akina mama?"

"Wewe nyamaza kwenye boma la baba yangu!"

"Niliuvunja mimi."

Alikuwa Levis. Alikuwa amesimama karibu na mafiga, jogoo amemwachia, mikono mitupu.

"Niliuvunja mimi kwa mpini wa sururu," Levis akarudia kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Nilikuwa nimelewa, lakini mkono uliopiga ni huu. Hakuteleza mtoni. Hakuna mto wowote. Mara mbili nilienda Ndhiwa kumwambia hivi, nikafika sokoni, nikaogopa, nikanunua omena kwa mtu mwingine nikarudi."

Hakuna aliyecheka. Mzee Maranga alifunika macho kwa kiganja. Bravin aliteremsha shoka begani polepole akaliweka chini.

Phelesia alivuta pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni kichwani. "Nimesikia," alisema. Mguu wake wa nje ukaingia ndani ya lango kwa hatua moja. Kisha akasimama tena.

"Mmoja amesema. Amebaki aliyeandika."

"Aliyeandika nini?" mwenyekiti akauliza.

Phelesia alimtazama Zadock tu. Na kwa sababu yeye alimtazama, wote wakamtazama: wazee watano, vijana wenye matope hadi viwikoni, baba yake, Omanga na simu yake ambayo sasa ilikuwa imeinuliwa kifuani.

Emmaculate akamgusa kiwiko. "Sema, Baba Adhiambo," alinong'ona. "Sema upumzike. Atalala hapa usiku huu. Mimi nimezungumza naye jikoni. Hataki jela, hataki fidia. Anataka kweli isikike kwa mdomo wako, basi."

Zadock akapiga hesabu. Akisema ndiyo, ni katibu aliyewaandikia polisi uongo, na Omanga anarekodi. Akisema hapana, nani atathibitisha? Barua ilikuwa kwenye makaratasi ya kituo, na kituo kile cha mabati kilikwisha bomolewa, makaratasi yake yameliwa na mchwa zamani. Levis hakuiona, alikuwa seli, na wale wa ukoo waliompa kalamu hawatajitia hatiani. Aliyesoma ni askari aliyehamishwa hajulikani wapi. Kinachobaki ni neno la muuza omena na neno la mtu mwenye shahada.

Na mwenyekiti amekwisha kusema ana adabu. Zimebaki siku mbili tu!

Akakohoa. Akaweka kola yake sawa.

"Barua gani?" alisema.

Emmaculate akauachia mkono wake kama anayeachia sufuria ya moto.

Phelesia alitikisa kichwa kidogo, mara moja, kama anayekubaliana na jambo alilolijua tangu zamani. Alipita katikati ya vijana. Akainua ndoo ya maji ya kukandia udongo. Levis alielewa kabla ya wengine akanyoosha mkono, "Phelesia, mimi nimesema! Mimi si nimesema!" lakini tayari alikuwa ameimwaga.

Moto ukapiga kelele ya kuzomea, na moshi mweupe ukasimama kati ya mafiga.

"Yawa!" Mzee Maranga akalia, akakaa chini kwenye udongo mbichi kama mtoto.

Wazee walisimama wote kwa pamoja. Moto wa dala mpya umezimwa na mke mwenyewe, mchana, mbele ya mashahidi. Kibanda hiki hakina mtu wa kulala tena. Levis hana lango. Na kama Levis hana, Zadock hana, si Jumamosi hii, si mwaka huu, pengine hata kaburini atalala kama mtoto wa Maranga.

"Mheshimiwa," mwenyekiti alimgeukia Omanga kwa sauti kavu, "turudishe."

Zadock alisikia neno lile, "Mheshimiwa", likiambiwa mtu mwingine. Aliona taa ya koroboi ya darasa la usiku iliyomharibu macho. Aliona uchaguzi wa kwanza, wa pili, na huu wa tatu ukipanda angani na ule moshi. Akamwendea Phelesia kwa hatua ndefu. Emmaculate alimshika shati, shati likachanika. Bravin aliruka juu ya rundo la miti, lakini alikuwa mbali.

Mkono wa kuume wa Zadock ukapanda juu ya kichwa chake kabla yeye mwenyewe hajajua umepanda.

Phelesia hakurudi nyuma hata unyayo. Alimwinulia uso.

"Piga, shemeji," alisema. "Leo wazee wapo. Piga."